Mitishamba na Viuavijasumu: Ushirika Unaotaka Kipimo

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mkoa wa Singida



Katika nyumba nyingi za Mkoa wa Singida, kuanzia Iramba na Mkalama hadi Ikungi, Manyoni na Itigi, dawa za namna mbili hukaa pamoja. Upande mmoja kuna chupa ya maji ya mwarobaini, kifungu cha mizizi iliyonunuliwa mnadani, au kikombe cha asali ya nyuki wadogo. Upande wa pili kuna karatasi yenye vidonge vichache vya rangi mbili, vilivyobaki tangu mgonjwa wa mwisho alipopata nafuu. Mtu akiugua huchukua huku kidogo na huku kidogo, kwa imani kwamba dawa mbili zikiungana nguvu zake huongezeka.

Imani hiyo si ya kupuuzwa. Wataalamu wa maabara katika nchi mbalimbali wameonyesha kwamba iko mimea ambayo utomvu wake, ukiunganishwa na dawa ya hospitali, huifanya dawa hiyo iwe kali zaidi kwa vijidudu. Lakini wataalamu hao hao wameonyesha pia kwamba iko miungano isiyoongeza kitu, na iko mingine inayoipunguza dawa nguvu. Kwa macho, kwa harufu na kwa ulimi, miungano hiyo yote hufanana. Kinachoitofautisha ni kipimo tu. Hilo ndilo jambo kuu la mazungumzo haya, na kila mwanaushirika aliyewahi kusimama mbele ya mzani wa chama hatashindwa kulielewa.

Jambo hili lahusuje chama cha ushirika?

Huenda mtu akauliza kwa nini habari za dawa ziletwe mbele ya makatibu wa vyama. Jibu ni la kihesabu. Chama cha wakulima wa alizeti hakina mtaji mkubwa kuliko mikono ya wanachama wake. Mvua za Singida ni za msimu mmoja kwa mwaka. Mwanachama aliyelala kitandani wiki tatu za palizi hatazipata tena wiki hizo. Mavuno yakipungua, mkopo wa pembejeo haulipwi kwa wakati, na deni lake huonekana katika vitabu vya chama.

Na uchukuliwe mfano wa mwanachama aliyejikata mguu kwa jembe mwezi wa Januari. Kidonda kimeanza kutunga usaha. Zahanati iko mbali na palizi haingoji. Dukani ananunua vidonge sita, kwa kuwa fedha iliyopo ni ya vidonge sita. Vitatu anavimeza, viwili anavifungua na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda pamoja na unga wa mizizi aliopewa na jirani, na kimoja anakiweka akiba. Siku ya nne maumivu yanapungua, naye anawaambia wenzake kwamba mchanganyiko ule umemponya. Siku ya kumi usaha unarudi, na mguu umevimba hadi kwenye goti.

Mtu huyu hakuwa mjinga. Alifanya kama alivyoona wengi wakifanya. Hata hivyo hesabu yake ina makosa mawili: dozi haikutimia, na muungano wa dawa ya duka na mizizi haukupimwa na mtu yeyote. Makosa haya mawili yafaa yaangaliwe moja moja.

Viuavijasumu, na jinsi vinavyopotea

Viuavijasumu ni zile dawa ziuazo bakteria au kuwazuia wasizaane, kama vile penisilini, amoksilini, tetrasaiklini na siprofloksasini. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, nayo ikaanza kutumika kwa wingi katika miaka ya 1940. Kabla yake, kidonda kilichooza au homa ya mapafu viliweza kumwua kijana mwenye nguvu. Fleming mwenyewe, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitoa onyo: mtu akitumia dawa hiyo kwa kiasi kidogo mno, hatawaua vijidudu bali atawafundisha kuizoea.

Onyo hilo limetimia. Bakteria ni wengi mno, nao huzaana kwa kasi. Dozi ikiwa pungufu, walio dhaifu hufa, na wenye uwezo wa kuihimili dawa hubaki na kuzaa wenye uwezo kama wao. Baadhi yao hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa. Wengine wana kitu mfano wa pampu katika ukuta wa mwili wao, ambacho huisukuma dawa nje kila inapoingia. Wengine hubadilisha ile sehemu ambayo dawa ilikuwa ikiishika. Hali hii huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Wazee wa Singida wana ushahidi wa karibu zaidi, ingawa unahusu malaria, ambayo haisababishwi na bakteria. Kwa miaka mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba. Vimelea vya malaria viliizoea, na mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Wanaushirika nao wana kumbukumbu yao. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Dawa iliyokwisha kuzoewa na vijidudu hakuna sheria ya kuirudisha.

Ndiyo sababu wataalamu wamegeukia njia nyingine. Badala ya kungoja dawa mpya, ambazo hupatikana kwa shida na kwa gharama kubwa, huuliza kama dawa ya zamani haiwezi kupewa msaidizi wa kuirudishia makali. Katika kumtafuta msaidizi huyo, mimea imechukua nafasi kubwa.

Mmea wenye wafanyakazi wawili

Mmea hauna miguu wa kukimbia adui. Ukishambuliwa na bakteria au ukungu hujilinda kwa kemikali zilizomo katika majani, magome na mizizi yake. Basi si ajabu kwamba mitishamba mingi ikipimwa maabara huonekana kuzuia bakteria kwa kiasi fulani. Hapa nchini kazi ya kuichunguza ilipewa makao maalumu mwaka 1974, kilipoanzishwa kitengo cha utafiti wa dawa za asili huko Muhimbili, ambacho leo ni Taasisi ya Tiba Asilia ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Watafiti walizunguka mikoani, wakawauliza waganga wa jadi, wakaandika majina ya mimea na matumizi yake, kisha wakaipima. Mwaka 2008, kwa mfano, yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mimea ya tiba kutoka Wilaya ya Bunda, Mkoa wa Mara, iliyopimwa dhidi ya bakteria, ukungu na virusi.

Lakini kwa kawaida mmea ukipimwa peke yake huonekana dhaifu ukilinganishwa na dawa ya hospitali. Kwa muda mrefu wataalamu walishangaa: ikiwa kemikali hizi ni dhaifu hivyo, mmea hujilindaje? Sehemu ya jibu ilipatikana Marekani mwaka 2000. Frank Stermitz, Kim Lewis na wenzao walikuwa wakichunguza vichaka vya jamii ya Berberis, ambayo ina ndugu yake katika nyanda za juu za Afrika Mashariki pia. Vichaka hivyo vina kemikali ya manjano iitwayo beberini, iwezayo kuua bakteria. Tatizo ni kwamba bakteria wa usaha, aitwaye Stafilokokasi, huisukuma beberini nje kwa pampu yake kabla haijafanya kazi. Walipochunguza zaidi, wakakuta katika vichaka hivyo hivyo kemikali ya pili ambayo ikiwa peke yake haikuwadhuru bakteria. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuiziba ile pampu. Pampu ikizibwa, beberini hubaki ndani na kuua.

Jambo hili lina maana kubwa. Mtu angezipima kemikali hizo mbili mbalimbali, ile ya pili angeitupa kwa kusema haina kazi. Katika muungano, kumbe ndiyo iliyofungua njia. Kemikali nyingine za mimea zimeonekana kufanya kazi ya namna hiyo zikiunganishwa na dawa za hospitali. Piperini, iliyomo katika pilipili manga, imeonekana maabara kuisaidia siprofloksasini dhidi ya Stafilokokasi. Kemikali mojawapo ya majani ya chai imeonekana kumrudisha Stafilokokasi aliyekuwa sugu katika hali ya kudhurika na dawa za jamii ya penisilini. Huko Kameruni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dschang wamepima mimea mingi ya vyakula na tiba pamoja na viuavijasumu, wakakuta baadhi yake huongeza nguvu za dawa dhidi ya bakteria sugu, na baadhi haiongezi.

Asali nayo, ambayo asili yake ni maji matamu ya maua, imo katika orodha hiyo. Asali huzuia bakteria kwa sababu sukari yake huwanyonya maji, kwa sababu ina uchachu, na kwa sababu kimeng'enya kilichotiwa na nyuki hutengeneza haidrojeni peroksaidi asali inapochanganyika na majimaji. Mwaka 2012, watafiti wa Cardiff, Uingereza, walionyesha kwamba asali ya mmea wa manuka kutoka New Zealand, ikiunganishwa na dawa iitwayo oksasilini, iliifanya dawa hiyo iwadhuru tena Stafilokokasi walioizoea. Wafuga nyuki wa Manyoni na Itigi wafurahi kusikia hayo, lakini waweke akilini kwamba iliyopimwa ni asali ya manuka, tena ndani ya maabara. Matokeo yale hayawezi kubandikwa juu ya ndoo ya asali ya Itigi kabla nayo haijapimwa. Isitoshe, asali iliyochemshwa motoni hupoteza kile kimeng'enya, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa, kwa kuwa huweza kuwa na mbegu za bakteria wa sumu ambazo tumbo lake haliwezi kuzishinda.

Namna ya kuhesabu muungano

Makatibu watapenda kujua muungano hupimwaje. Njia yake si ngumu kwa mtu aliyezoea vitabu vya hesabu. Kwanza hutafutwa kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachotosha kuwazuia bakteria wasikue. Kisha hutafutwa kiasi hicho hicho kwa upande wa mmea. Halafu viwili hivyo huunganishwa kwa viwango mbalimbali katika mistari ya vishimo vidogo, na kuangaliwa ni mchanganyiko upi mdogo kuliko yote unaotosha.

Na iwe kwa mfano tu kwamba dawa peke yake yahitajika vipimo 8, na mmea peke yake vipimo 16. Zikiunganishwa, kipimo 1 cha dawa na vipimo 4 vya mmea vinatosha. Moja kwa nane ni 0.125, na nne kwa kumi na sita ni 0.25, jumla ni 0.375. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi ni kwamba jumla isiyozidi 0.5 ni muungano wa kusaidiana. Ikizidi 0.5 lakini isizidi 4, hakuna msaada mkubwa wala ubishi mkubwa. Kila mmoja anafanya kazi yake. Ikizidi 4, ni muungano wa kupingana. Kama katika mfano huo huo ingalihitajika dawa vipimo 32 pamoja na mmea vipimo 8, jumla ingekuwa 4 na 0.5, yaani 4.5. Maana yake ni kwamba mmea unaizuia dawa, na mgonjwa anayeunganisha viwili hivyo anajipunja mwenyewe.

Basi neno kuungana peke yake halimhakikishii mtu faida. Kila mwanaushirika amewahi kuona chama ambacho wanachama wake waliinuana, na chama kingine ambacho watu walikaa pamoja kwa jina tu. Hali ya chama hujulikana baada ya ukaguzi, na hali ya dawa vivyo hivyo.

Kutoka maabara hadi mwilini

Kipimo cha maabara nacho ni mwanzo wa safari tu. Katika kishimo cha kioo mmea hukutana na bakteria uso kwa uso. Katika mwili wa mtu hauna budi kupita tumboni, kuingia katika damu na kupita katika ini, ndipo ufike kwenye kidonda au mapafu. Na pengine kiasi kinachofika ni kidogo mno. Pengine pia kiasi kinachotosha kuwaua bakteria hutosha kuyadhuru maini na figo za mgonjwa. Ndiyo maana muungano uliofaulu maabara huhitaji kupimwa tena kwa uangalifu juu ya wanyama, kisha juu ya watu waliokubali wenyewe, kabla haujawa dawa.

Upo mfano wa safari iliyofika mwisho. Tangu mwaka 1981 amoksilini imekuwa ikiuzwa ikiwa imeunganishwa na asidi ya klavulani, inayotokana na bakteria wa udongoni. Asidi hiyo hukizuia kile kimeng'enya cha bakteria kinachoivunja amoksilini. Na katika upande wa malaria kila mtu anaijua dawa mseto. Artemisinini ilipatikana kutokana na mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga, kwa kazi iliyoongozwa na Tu Youyou mwanzoni mwa miaka ya 1970, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa za jamii hiyo huua vimelea upesi lakini hazikai sana mwilini. Kwa hiyo huunganishwa na nyingine inayokaa muda mrefu. Tanzania ilianza kutumia dawa mseto ya ALu mwishoni mwa mwaka 2006, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilitaka artemisinini isiuzwe tena peke yake ili isije ikazoewa. Hapa mmea na dawa ya kiwandani vimeshikana mikono, lakini kiasi cha kila kimoja katika kila kidonge kinajulikana, na siku za kumeza zimeandikwa.

Mchanganyiko wa nyumbani hauna hayo. Mizizi iliyochimbwa masika hailingani na ya kiangazi, wala kikombe cha mtu mmoja hakilingani na cha mwenzake. Zaidi ya hayo kuna upinzani usioonekana. Tetrasaiklini na siprofloksasini hushikwa na madini yaliyomo katika maziwa, katika vidonge vya kuongeza damu na katika baadhi ya dawa za kiungulia, zikashindwa kuingia vizuri katika damu. Mgonjwa anayekunywa mizizi iliyochemshwa katika maziwa na papo hapo akameza kidonge cha namna hiyo, huenda anaitupa dawa yake chooni bila kujua. Kuhusu dawa za Virusi vya Ukimwi, ulichapishwa mwaka 2002 uchunguzi ulioonyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiasi cha dawa moja, iitwayo sakwinaviri, katika damu kwa karibu nusu. Kitunguu saumu ni chakula cha kila siku na hakuna anayekiogopa, nacho kilifanya hivyo.

Lipo na kosa kubwa zaidi, nalo ni kuiacha kabisa dawa ya hospitali kwa kutumainia mmea. Mwaka 2011 watu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila kilichotokana na mti wa mugariga. Miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakitumia dawa za kila siku, na baadhi yao waliziacha. Jambo hilo halisemwi kwa kumdharau mtu. Lasemwa kwa sababu gharama ya kuacha dawa ililipwa na wagonjwa wenyewe majumbani mwao, baada ya foleni za magari kwisha.

Kuku wa Singida

Kuku wa kienyeji wa Singida hujulikana hadi masoko ya Dar es Salaam, na kwa akina mama wengi wanachama ndiyo benki ya nyumbani. Kuku wakianza kusinzia na kuharisha kijani, aghalabu hutiliwa katika maji yao unga wa tetrasaiklini pamoja na shubiri mwitu, pilipili au mwarobaini. Kama ugonjwa ni mdondo, mchanganyiko huo hauwezi kuutibu, kwa kuwa mdondo husababishwa na virusi, na viuavijasumu haviui virusi hata vikipewa msaidizi gani. Kinga yake ni chanjo. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini na ambayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, hutiwa tone moja katika jicho la kuku mzima na la kifaranga sawasawa, na kurudiwa kila baada ya miezi 3.

Dawa iliyotiwa bure katika maji ya kuku haiishii hapo. Bakteria wa tumboni mwa kuku huizoea, na kwa njia ya kinyesi, mikono na nyama isiyoiva vizuri huweza kumfikia mtu. Mabaki ya dawa nayo hukaa katika nyama na mayai kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu karatasi ya dawa huonyesha siku za kungoja kabla ya kuchinja au kuuza mayai. Chama kinachokusanya kuku au mayai ya wanachama wake kinauza pia jina lake, na jina likiharibika sokoni si rahisi kulirudisha.

Yanayopasa kufanywa na chama

Ndugu Makatibu, mambo yafuatayo yamo katika uwezo wa chama cha msingi, wala hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, katika mkutano mkuu itengwe nafasi ya mganga wa zahanati au afisa mifugo wa kata kuzungumza juu ya dozi kamili na juu ya chanjo. Siku ya kuanza kuchanja kuku iandikwe katika kalenda ya chama kama inavyoandikwa siku ya kugawa mbegu. Kijiji kizima kikichanja siku moja, faida yake ni kubwa kuliko mtu mmoja mmoja kuhangaika peke yake.

Pili, mwanachama aelezwe kwamba kumwambia tabibu habari ya mitishamba aliyokwisha kunywa si aibu wala si kosa. Tabibu asiyeambiwa hawezi kuepusha muungano wa kupingana. Tabibu naye inampasa asikilize bila kukejeli, maana mgonjwa aliyekejeliwa mara moja, mara ya pili huficha.

Tatu, Bodi ya chama isikubali kuuza katika ghala au duka la chama mchanganyiko wowote wa mitishamba na vidonge, hata mwuzaji akiwa na maneno mazuri namna gani na hata akitoa kamisheni nono. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, imeweka Baraza la kuwasajili waganga wa tiba asili na dawa zao. Mwenye dawa aulizwe cheti cha usajili kama anavyoulizwa mwuza mbegu. Asiyekuwa nacho aelekezwe kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya.

Nne, elimu ya waganga wa jadi isipotee. Mganga anayejulikana kwa uaminifu ashauriwe kuiandika: jina la mti kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo, sehemu inayotumika, wakati wa kuchimba, kiasi na ugonjwa. Maandishi hayo ni mali yake, na yasitolewe kwa mgeni asiyejulikana bila ridhaa yake na bila mapatano ya maandishi. Watafiti waliopita mikoani tangu miaka ya 1970 walianzia kwa watu kama yeye.

Tano, miti yenyewe itunzwe. Mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa, na uliong'olewa mzizi mkuu hauponi. Mjafari, kwa mfano, hutafutwa gome na mizizi yake pia, nao hauoti kwa haraka. Vyama vyenye vitalu vya miche viongeze humo miti ya dawa, ili anayetafuta dawa asilazimike kuumaliza msitu.

Hesabu ya vidonge sita

Yafaa sasa kumrudia yule mwanachama mwenye kidonda. Tuseme siku ya kumi na moja mkewe anamkaripia, jirani anamkopesha baiskeli, naye anafikishwa zahanati. Kidonda kinaoshwa, anachomwa sindano ya pepopunda, ambayo angestahili kuipata siku ya kwanza, na anapewa dozi kamili iliyoandikwa saa na siku. Tabibu anauliza: "Ulitumia nini nyumbani, mzee?" Naye anaeleza yote, hadi mizizi na unga wa vidonge. Tabibu anaandika, kisha anamwomba aache kunyunyiza chochote juu ya kidonda mpaka kifunge.

Kilichobaki ni kile kidonge kimoja cha akiba, kilichofungwa katika pindo la karatasi juu ya kabati. Katika vitabu vya chama, salio hupelekwa mwaka unaofuata kama mali. Salio la dawa si mali. Kidonge hicho kikingoja mtoto apate homa, kitampa vijidudu vya mtoto nafasi ya kujifunza, na yeye hakitamponya. Mwanachama huyo na akirudishe kwa tabibu, na makatibu wanaposoma mazungumzo haya mbele ya wanachama, waulize ni wangapi wanacho kidonge cha namna hiyo nyumbani. Inaelekea mikono itakayoinuka ni mingi. Hapo ndipo pa kuanzia kazi.